Aliyegawa Maji

Mwanamke mmoja aliyeitwa Nakundwa alikuwa na mama mkwe ambaye kijiji kizima kilikula kwa kumbukumbu yake. Huko kwao milimani maji hushuka kwa mfereji mmoja, na nyumba thelathini na moja huyapokea kwa zamu. Zamu hizo hazikuandikwa popote. Zilikaa kichwani mwa mama mkwe huyo, Bibi Namsemba. Kila alfajiri alisimama penye lango la mfereji akataja nyumba, na mwenye nyumba akafungua maji yaingie shambani mwake. Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyembishia.

Kisha akaanza kukosea. Juma moja aliitaja nyumba ya Mchome mara mbili, na nyumba ya Kisaka hakuitaja kabisa. Maharage ya Kisaka yakanyauka yakiwa na maua. Watu walipomuuliza, Bibi aliwatazama kama wapita njia. Siku nyingine alipotea akirudi nyumbani, katika njia aliyoipita tangu alipoolewa. Ndipo maneno yakaanza. Wengine walisema amehongwa, wengine wakasema ni uchawi wake unamrudia. Wapole walisema, "Ni uzee tu," na hao ndio waliodhuru zaidi, maana baada ya neno lao hakuna aliyeuliza tena.

Nakundwa aliona aibu. Alikuwa ameolewa katika nyumba yenye jina, na hakutaka jina hilo life mikononi mwake. Akawaambia watu kwamba mama anaumwa miguu, na kule langoni zamu zikabaki za kubahatisha. Akamwekea kiti chumba cha nyuma, akamnyang'anya jembe na ungo, akamkataza hata kuchambua mboga. "Pumzika, mama. Umefanya kazi ya kutosha." Alipotoka alitia komeo mlangoni. Majirani wakamsifu: mkamwana gani huyu, mkwe wake hagusi hata mwiko! Sifa zile zikamwingia tamu. Lakini kule ndani mtu aliyepumzishwa alikuwa anaisha. Mwezi wa kwanza alisahau siku. Wa pili aliacha kuzungumza. Wa tatu alimshika Nakundwa mkono, akamuuliza kwa adabu ya mgeni, "Samahani, mama, wenye nyumba hii watanirudisha lini kwetu?"

Siku hiyo Nakundwa hakula.

Juma hilohilo alipeleka mtoto wake kupimwa uzito, akamkuta mhudumu wa afya akizungumza na akina mama. Mhudumu alisema kuna ugonjwa unaokula ubongo kama mchwa alavyo nguzo, huku ukuta kwa nje ukionekana mzima. Si laana, wala si lazima kila mzee aupate. Dawa ya kuuondoa haijapatikana bado. Lakini mtu akitembea, akiongeleshwa, akipimwa presha na masikio, akaachiwa kazi anayoiweza, hukaa na watu wake kwa muda zaidi. Na vijana wakiyashika hayo mapema, wengi wao huenda wasiupate kabisa. Akaongeza kwamba upweke huuharakisha. Nakundwa aliinamisha uso.

Jumamosi ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya wote ya kuzibua mfereji. Ni desturi ya huko kwamba kabla ya jembe la kwanza kushuka, kila nyumba hutangaza mahali mfereji unapovuja mbele ya shamba lake, kwa kuwa tundu likifichwa juu, huwakausha walio chini. Nakundwa alikuja amemshika mama mkwe wake mkono. Kisaka alimwona, akapaza sauti: "Haloo! Malkia wa maji kafufuka! Miguu imepona?" Watu wakacheka. Zamu ya kutangaza ikafika kwa Nakundwa, ambaye alikuwa hajawahi kusema neno mbele ya wanaume. Akaweka mkono wake juu ya kilemba cha mkwe wake.

"Panapovuja kwetu ni hapa. Mama anaumwa ubongo, na aliyemficha ni mimi."

Kisaka aliangalia miguu yake mwenyewe. Kisha akalaza jembe chini.

"Na kwetu pia," akasema kwa sauti ndogo. "Kaka yangu yuko ndani tangu Pasaka."

Mwanamke mmoja akamtaja baba yake. Mwingine akamtaja shangazi. Zikawa nyumba sita, mbali na ya Nakundwa. Asubuhi ile mfereji ulingoja. Watu walikwenda kufungua milango, na wazee sita wakatoka wakikunja macho kwa jua, mmoja amebebwa mgongoni, na nyimbo za kazi zikapanda mlimani kama siku ya arusi.

Bibi Namsemba akapewa jembe. Majina ya nyumba hakuyakumbuka hata moja. Lakini alipomwona Mchome akishindilia tope katika ufa wa ukingo, alimpiga kofi mkononi. "Majani kwanza, we mjinga! Tope baadaye!" Yalikuwa maneno yake ya kwanza mbele ya watu baada ya miezi mitatu. Kijiji kizima kilishangilia, na aliyeshangilia kuliko wote ni Mchome mwenyewe.

Tangu hapo zamu za maji zilipangwa upya, hazikuachwa tena katika kichwa kimoja. Kila nyumba ilijifunza yake na za jirani. Kila mzee alipata mtu wa kutembea naye kandokando ya mfereji. Mhudumu alipokuja na kipimo cha presha, Kisaka alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akakutwa presha imepanda, akaanza dawa. Bibi hakupona. Zipo siku alizomwita Nakundwa mgeni. Lakini aliishi akicheka, akigombeza, akipalilia, katikati ya watu wake, na mlango wa chumba cha nyuma ukang'olewa komeo.

Basi niambieni: kijiji kile kilianza kupona siku kilipopata dawa, au siku mwanamke mmoja alipokubali kuaibika?