Taa Mbili Kando ya Mwezi

Ngano inataka masikio. Anayetaka kubishana atoke nje kwanza, nisije nikaudhika kabla sijaanza.

Zimwi liliingia katika kisima cha mji mmoja, likanywa maji yote, likasema: "Nitayatapika mtakaponitajia taa mbili zinazong'aa karibu na mwezi mchanga."

Jua lilipokuchwa watu wakakusanyika kisimani. Mwanasiti, mfinyanzi wa mitungi, akazitambua papo hapo. Akaita, "Ewe zimwi!" Nani angemsikia, na watu wanabishana?

"Mwezi umeandama!"

"Haujaandama, hilo wingu!"

Mwezi ukatua.

Jioni ya pili akaita mpaka sauti ikamkauka.

"Umeandama leo!"

"Uliandama jana, kipofu we!"

Mwezi ukatua.

Jioni ya tatu watoto wanalia kiu, na baba zao bado: "Jana!" "Juzi!" Mwanasiti akashika kichwa. Akafunga kamba, akateremka mpaka chini kisimani, akalisemea zimwi sikioni:

"Hazipepesi kama nyota, maana si nyota, ni sayari. Ile kali zaidi ni Zuhura, na ile ya juu yake ni Mshtarii. Haya, tapika!"

Zimwi likatapika. Maji yakapanda, yakamwinua Mwanasiti mpaka juu, ameloa chapachapa.

Watu wakamkimbilia. Hakuna hata mmoja aliyeshika ndoo.

"Mwanasiti, hebu tuamulie wewe. Uliandama jana au juzi?"

Mwanasiti akachungulia kisimani, na zimwi, lililokuwa limesikia yote, likasogea kumpa nafasi ya kukaa.