Lori la Kiboko Lilivyoonjeshwa Dizeli ya Njano

Mpo?
Tupo!
Niwashe?
Washa!
Isipowaka?
Tutasukuma!

Basi sukumeni kweli. Asiye na nguvu akae pembeni, maana mimi sina subira na mtu anayegusa bodi kwa vidole viwili halafu anahema kuliko wote.

Hapo kale, lakini si kale sana, kwa kuwa magari yalikuwapo na yalikwisha kuchakaa, Kiboko alikuwa na kituo cha mafuta. Kilikuwa kituo pekee huku kwetu, na pampu zake zilikuwa mbili. Ya kijani ilikuwa nyuma ya ukuta, ya kuzungusha kwa mkono, kwichi-kwichi, kwichi-kwichi, ikitoa dizeli ya kawaida. Ya njano ilikuwa mbele, barabarani, ya umeme, ngrrr, ikitoa dizeli ambayo Kiboko aliiita Bora. Pembeni yake palikuwa na rafu ya vichupa vya dawa ya injini. Kila kichupa kilikuwa na picha ya Simba akiruka, ingawa Simba mwenyewe hakuwahi kuulizwa.

Siku moja Kiboko akatazama pampu ya kijani, akaona inauza sana. Akatazama pampu ya njano, akaona inauza kidogo. Akaipiga kufuli ya kijani, akasimama barabarani na tumbo lake, akatangaza:

"Dizeli ya kawaida imekauka! Sasa ni Bora tu! Na gari kuukuu halipati Bora bila vichupa viwili vya dawa!"

"Bei?" akauliza Kima kutoka juu ya paa la kituo.

"Nusu ya mzigo uliobeba."

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Siku hiyohiyo, Digidigi alikuwa amechuma nyanya. Matenga arobaini. Alizimwagilia kwa ndoo msimu mzima, mwenyewe, na miguu yake ile mnaijua ilivyo myembamba. Gulio lilikuwa siku hiyohiyo, ng'ambo ya vilima vitatu, na baada ya hapo hakuna gulio mpaka wiki ijayo. Nyanya zilikuwa zimeiva. Nyanya hazijui kungoja.

Aliyekuwa amsafirishie ni Nguchiro. Nguchiro alikuwa na pikapu kuukuu jina lake Bibi. Bibi alikuwa akikohoa asubuhi, akitoa moshi mchana, na jioni akidai oili. Lakini alikuwa anafika. Siku hiyo tangi lake lilikuwa kavu kabisa.

Digidigi akakaa, akasimama. Akasimama, akakaa. Akanusa tenga la kwanza, akanusa tenga la mwisho.

"Bi Nguchiro, tumpe hiyo nusu. Heri nusu kuliko kuzimwaga zote."

"Hatumpi."

"Lakini wanasema Bora inampa mzee nguvu za ujana!"

"Nani anasema?"

"Kiboko."

"Haya." Nguchiro akafungua boneti, kraa! "Njoo uone, dada yangu, nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Bora si sumu. Ni mafuta safi, na gari jipya likinywa, linywe kwa raha zake. Lakini Bibi ringi za injini zimelika. Chupa gani inarudisha chuma kilicholika? Halafu lile tangi lina tope la miaka ishirini limelala chini, limetulia. Ukilimwagia sabuni kali iliyomo kwenye Bora kwa mkupuo, tope lote linaamka siku moja, linakwenda kuziba filta. Tutalala mlimani na nyanya zako. Mzee kama huyu anataka filta safi na dizeli isiyo na maji, basi. Hayo mengine ni kelele."

"Kiboko hayajui hayo?"

Nguchiro akacheka, kwi kwi kwi. "Anayajua kuliko mimi. Masika iliyopita alijaribu Bora kwenye lori lake lile bovu. Likamzimikia mlima wa kwanza. Aliyeitwa kwa siri kubadilisha filta ni nani? Ni mimi. Tangu siku hiyo lori lake halinywi ila ya kijani. Sasa nyamaza, twende."

Wakamsukuma Bibi mpaka kituoni, harambee, harambee! Watu walikuwa wamejaa pale, kila mmoja na gari lake kuukuu, kila mmoja amenuna. Nguchiro akapanda juu ya boneti.

"Shikamoo, mzee Kiboko!"

"Marahaba. Umekuja kununua au umekuja kunichafulia uwanja?"

"Nimekuja kunywa, mzee wangu. Bibi hajawahi kuonja Bora. Leo ni mgeni wako."

"Karibu sana! Nusu ya mzigo."

"Taratibu. Jamani, nawauliza nyinyi. Kwetu kibuyu cha pombe kikiletwa, anayeonja kwanza ni nani?"

"Mwenyeji!" wakajibu wote.

"Kwa nini?"

"Atoe sumu!"

"Akishaonja, anayemaliza kibuyu ni nani?"

"Mgeni!"

"Na mgeni hulipia kibuyu cha kukaribishwa?"

"Aka!" akapiga kelele Kima. "Wapi umeona mambo hayo? Mgeni alipie kukaribishwa?"

"Basi mzee Kiboko, lete dumu moja la Bora. Lori lako lionje, Bibi amalize. Bibi akipanda kilima kile pale, hawa wote watanunua. Usipoonja, nani atakunywa kwako?"

Kiboko akatazama magari. Akayahesabu moja moja. Dumu moja limwagike, magari yote yale yaingie! Masharubu yakamcheza. Halafu akalitazama lori lake, akakumbuka masika. Masharubu yakatulia.

"Nakubali," akasema. "Ngojeni hapo nikalete dumu. Hilo la hapa linavuja."

Akapotelea nyuma ya ukuta. Watu wakangoja. Digidigi akakaa, akasimama. Kisha kutoka nyuma ya ukuta ikasikika:

Kwichi-kwichi. Kwichi-kwichi. Kwichi-kwichi.

Watu wakatazamana. Kima akafungua mdomo.

"Kima," akanong'ona Nguchiro, "ukisema neno nitakung'ata mkia."

Kima akafunga mdomo.

Kiboko akarudi na dumu limejaa mpaka shingoni, jasho linamtoka. "Bora yenyewe hii! Nimeitoa kwenye akiba ya ndani kabisa!" Akamimina kikombe kimoja katika lori lake, chururu. Lori likaonja. Nguchiro akalidaka dumu akamimina lote lililobaki katika Bibi, gudu gudu gudu gudu, mpaka tone la mwisho. Akaufuta mdomo wa tangi kwa kitambaa kama mtoto aliyemaliza uji.

"Asante kwa ukarimu, mzee!"

Ng'eng'eng'e... ng'eng'eng'e... vruuum! Bibi akawaka. Akakohoa kama kawaida yake, akatoa moshi kama kawaida yake, akapanda kilima kama kawaida yake na matenga ishirini mgongoni. Zaidi ya hapo hakuweza kubeba. Kiboko angesema nini? Akisema ni dizeli ya kawaida, ameumbuka. Akisema ni Bora, basi ni kibuyu cha mgeni, hakilipiwi. Akabaki kusema "Mmeona? Mmeona?" kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Mnasukuma lakini? Au mmelala?
Tunasukuma!

Yakabaki matenga ishirini uwanjani, jua linapanda. Nyanya hazijui kungoja. Digidigi, ambaye Nguchiro alikwisha kumnong'oneza sikioni kabla ya kuondoka, akamsogelea Kiboko.

"Mzee, lori lako ni kubwa. Nipelekee haya yaliyobaki. Chukua nusu."

"Nusu!" Mate yakamjaa Kiboko. "Pakieni! Pakieni upesi!"

"Lakini ujaze hapa mbele. Kwenye pampu ya njano, sote tunaona. Na vichupa viwili."

"Kwa nini?"

"Si umesema inampa mzee nguvu za ujana? Nyanya zangu nataka zibebwe na kijana."

Watu wakacheka. Kiboko akatazama pampu, akatazama matenga. Matenga yalikuwa mekundu, mazuri, na kumi yalikuwa yake. Pengine ile ya masika ilikuwa bahati mbaya tu. Pengine safari hii litavumilia. Vilima vitatu tu!

Ngrrr. Akajaza. Kichupa cha kwanza, pwaa. Kichupa cha pili, pwaa. Akapanda, akawasha, akaondoka na honi juu.

Kilima cha kwanza: vruuum. "Mnaona?"

Kilima cha pili: vruu... vruu... "Njoo, njoo, mama!"

Kilima cha tatu: kho. Kho kho. Kho kho kho. Zii.

Kiboko akakanyaga, akazungusha ufunguo. Zii. Akashuka akalipiga teke. Zii. Na juu pale hapana mti, hapana dimbwi, na jua lilikuwa limemkalia mgongoni. Mnaijua ngozi ya kiboko. Bila maji inapasuka. Akakaa, akasimama. Akasimama, akakaa. Akaingia uvunguni mwa lori, kichwa kikaingia, tumbo likabaki nje.

Mchana huo Bibi akarudi kutoka gulioni, mtupu, akikohoa. Nguchiro akasimama.

"Mzee wangu! Umepumzika?"

"Nguchiro, mwanangu, filta! Limeziba! Niokoe, naiva!"

"Filta ninayo. Nimeibeba tangu asubuhi."

"Ulijua?"

"Wewe pia ulijua. Nyanya kwanza." Akaanza kuhamisha matenga. La kwanza, la pili, la tatu. Hakuharakisha hata kidogo.

"Haraka basi!"

"Yote ishirini ni ya Digidigi, au nimekosea?"

"Ni yake! Ni yake yote!"

"Na ile pampu iliyokauka?"

Kiboko akanyamaza. Jua halikunyamaza. Mgongo ukaungua, tss. Akavua ufunguo wa kufuli shingoni, akautupa chini. "Haijakauka."

"Sikusikia. Upepo."

"HAIJAKAUKA!"

Sauti ile ikatelemka vilima vyote vitatu mpaka kituoni, na Kima akaipokea juu ya paa akairudia kwa wote waliokuwa wakingoja. Nguchiro akafungua filta ya zamani akaiinua. Lilitoka tope jeusi, zito, linateleza kama mlenda. Akafunga mpya, akatoa upepo kwenye mabomba, akakaza nati.

"Hii itakufikisha mtoni. Ikiziba tena, usiniite. Uoshe tangi."

Kisha akageuza Bibi, akarudi gulioni kwa mwendo wa mbio. Gulio lilikuwa linavunjika, watu wanakunja turubai. Akapiga honi mpaka wakakunjua. Nyanya za matenga yote arobaini zikauzwa, na Digidigi, aliyekuwa amefuata kwa miguu mpaka gulioni, akakaa chini, akakaa kweli, hakusimama tena mpaka jioni.

Ufunguo, Nguchiro aliouokota pale mlimani, jioni ukamfikia Kima. Kwichi-kwichi. Kwichi-kwichi. Na mpaka leo pampu ile haifungwi.

Sasa mnataka funzo, maana hamuondoki bila funzo, nawajua. Funzo ni hili: ukiwa na gari kuukuu, linyweshe kitu ghali kuliko vyote, ongeza vichupa viwili vyenye picha nzuri, halafu lipeleke mlimani saa sita mchana. Huko kuna mandhari safi na nafasi tele ya kutafakari. Na wewe unayeuza, tafadhali sana, usionje bidhaa yako. Utakosa usingizi bure.

Mimi nimeshuka, nimefunga mlango. Kama kuna aliyebaki ndani, usukani ule pale, asiniulize breki ziko wapi.