Desibeli Saba za Mwenyekiti

Wapendwa, leo mnivumilie nizungumze habari za magari. Mnajua mimi nina pikipiki tu, tena ile inayokataa kuwaka mvua ikinyesha. Lakini mfano nilioletewa moyoni wiki hii ni wa magari, na siwezi kuugeuza uwe wa mbuzi ili nionekane naujua.

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyeitwa Anaeli, fundi wa kuchomelea ekzosi. Gereji yake ilikuwa ya mabati, kando ya barabara ya vumbi, na mji mzima ulijua kwamba gari likianza kukohoa na kunguruma tumboni, linapelekwa kwa Anaeli. Mikono yake ilijaa makovu ya cheche mpaka viwikoni. Maneno yake yalikuwa machache.

Katika mji ule palikuwa na klabu ya watu wanaopenda kushindanisha magari. Msifikirie wale wakubwa mnaowaona kwenye televisheni. Hawa walikuwa mwalimu wa sekondari, muuza vipuri, dereva wa lori, mwenye duka la dawa za mifugo. Mtu anachukua gari lake la zamani, anang'oa viti vya nyuma, anaandika namba mlangoni kwa brashi, na Jumamosi moja kila mwezi anakimbia kuzunguka mapipa. Walishindania kwenye uwanja wa zamani wa ndege ndogo, zile zilizokuwa zikinyunyizia dawa shamba la mkonge. Ndege zilishaacha kuja miaka mingi. Meneja wa shamba aliona ardhi imelala bure, akawafungulia geti.

Ila ng'ambo ya mkonge kuna zahanati, na zahanati ina wodi ya wazazi. Siku moja muuguzi mkuu alikuja uwanjani kwa miguu, amevaa sare yake, akawaomba wazime injini. Akawaambia kwamba pale wodini hana mashine kubwa. Ana kile kipembe anachokiweka juu ya tumbo la mama na kutega sikio, asikie moyo wa mtoto unavyopiga. Magari yao yakinguruma, hasikii kitu. Akasema, "Nikikosa kusikia, mtoto anaweza kufa nami nimeinama juu yake."

Wale wanaume waliona haya. Wakakubaliana, mbele ya meneja, kwamba gari lolote lenye kelele ya zaidi ya desibeli mia moja halitakimbia. Desibeli ni kipimo cha sauti, kama kilo ilivyo kipimo cha unga. Kila gari lipimwe asubuhi kabla ya mashindano, na siku moja tu likikimbia lililozidi, geti lifungwe. Wakatia saini wote. Wa kwanza kutia saini alikuwa mwenyekiti wa klabu, na yeye mwenyewe ndiye aliyenunua kile chombo cha kupimia.

Nani atapima? Wote wakasema Anaeli. Anajua mabomba, na hana mambo mengi.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Gari linasimama, dereva anakanyaga mafuta mpaka injini ifike mzunguko uliokubaliwa, Anaeli anachuchumaa pembeni na kile chombo, nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, anasoma namba na kuiandika. Namba haina mjomba wala shangazi. Miezi saba ikapita hivyo. Mtu akizidi kidogo, anakwenda kurekebisha, anarudi mwezi unaofuata. Muuguzi akasikia mioyo ya watoto, watu wakakimbia, amani.

Mwezi wa nane yakaja magari kumi na manne.

Kumi na mawili yalipimwa, yakapita. Tisini na nne, tisini na saba, tisini na tisa. Likaja la kumi na tatu, gari la mwenyekiti. Alikuwa amefunga ekzosi mpya iliyoagizwa mbali, mdomo wake mpana kama kikombe cha uji. Akakanyaga mafuta. Wapendwa, kunguru waliokuwa kwenye nguzo za umeme waliruka wote kwa pamoja. Anaeli akasoma mia moja na saba.

Mwenyekiti akasema ni upepo. Wakasubiri upepo utulie, wakapima tena. Mia moja na saba. Akasema chombo kimeharibika. Anaeli akaligeukia gari la mwalimu, ambalo lilikuwa limepata tisini na saba, akalipima upya mbele ya wote. Tisini na saba. Basi mwenyekiti akacheka, akawaambia wenzake kwamba desibeli saba ni kitu gani, mtu anaweza kuzitoa kwa kupiga chafya. Wenzake wakacheka pia. Anaeli akawaeleza kwa upole kwamba desibeli tatu zikiongezeka, nguvu ya sauti imekuwa mara mbili, na saba ni karibu mara tano. Hapo kicheko kikapungua.

Mwenyekiti akamsogelea. Akasema, "Dada Anaeli, unajua hicho chombo ulichoshika alikinunua nani?"

"Ninajua, mwenyekiti. Ulikinunua kiseme kweli, na leo kimesema."

Mmewahi kusimama mahali kama pale? Mkubwa amekusogelea, watu wanakutazama, na mkononi una kitu alichokupa yeye. Ni wangapi kati yetu wangekumbuka ghafla kwamba upepo ulikuwa mkali kweli?

Anaeli aliandika mia moja na saba. Likabaki gari moja.

La kumi na nne lilikuwa la mdogo wake, Elifuraha, kijana aliyetumia mwaka mzima kulifufua gari lililokuwa limeotewa na majani nyuma ya nyumba ya mama yao. Na ekzosi yake ilichomelewa na nani? Na Anaeli, kwa mikono ile ile yenye makovu. Wiki iliyopita alikuwa ameipima gerejini, ikasoma tisini na nane. Alikuwa na hakika nayo. Elifuraha akakanyaga mafuta, Anaeli akachuchumaa, akasoma. Akasoma tena.

Mia moja na moja.

Pamba ya chuma iliyomo ndani ya sailensa, ile inayomeza sauti, ilikuwa imeungua njiani wakati wa kuja. Kazi yake mwenyewe imemwangusha, mbele ya watu wote, dakika tano baada ya kumkatalia mkubwa. Shetani anajua kupanga ratiba, wapendwa.

Na mwenyekiti si mjinga. Alikuja pale na uso wa urafiki. Akasema wote ni binadamu, hakuna haja ya kuaibishana. Anaeli amwandikie mdogo wake tisini na nane, kama ilivyosoma gerejini, na yeye mwenyekiti aandikiwe mia moja kamili. Wote waingie, siku iendelee.

Elifuraha akamtazama dada yake. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, ni moja tu."

Anaeli akajibu, "Ni moja, mdogo wangu. Ndiyo hiyo ninayoiandika."

Akaandika. Wale walioiona karatasi baadaye wanasema ile namba ya mdogo wake imepinda, lakini inasomeka. Elifuraha akapiga mlango wa gari kwa kiganja, akaondoka, akasimama peke yake kwenye mkonge, amewapa watu mgongo. Anaeli hakumfuata. Angemwambia nini?

Mwenyekiti akasema basi, kama ni hivyo, kuanzia sasa klabu haina mkaguzi. Akavaa kofia yake ya chuma, akapanda gari lake, akaliendesha taratibu kuelekea mstari wa kuanzia.

Hapo ndipo Elifuraha alipotoka kwenye mkonge. Akawasha gari lake, akalipeleka mpaka mstarini, akaliegesha kwa kulikingamisha, kutoka pipa hili mpaka pipa lile. Akazima, akatoa ufunguo, akautia mfukoni. Mwenyekiti akapiga honi. Kijana akateremsha kioo, akasema, "Mimi nimezidi moja, sikimbii. Yeye amezidi saba, hakimbii."

Anaeli akaja akasimama mbele ya boneti ya mdogo wake. Fundi na dereva aliyefeli, basi, hao tu. Injini zilikuwa zimezimwa, na mtu angeweza kusikia mlango wa zahanati ukifunguliwa ng'ambo ya mkonge.

Wale kumi na wawili wakatazamana. Mmoja akasema hawakuja kugombana. Mwingine akasema jua linapanda. Mwingine akasema mwenyekiti ndiye anayeleta vikombe, tukimuudhi klabu itakufa. Wakaenda watano, wakamwomba Anaeli apishe, wakamshika begani kwa heshima wakamsogeza, wakalisukuma gari la Elifuraha huku yeye mwenyewe akiwa ndani, magurudumu yakiburuzwa kwa sababu alikuwa amevuta breki ya mkono. Saba waliobaki wakainama kuangalia upepo wa matairi yao.

Mashindano yakafanyika. Anaeli akachukua karatasi yake, akakatiza katikati ya mkonge kwa miguu mpaka zahanati. Akamkuta muuguzi ameinama juu ya mama mmoja, kipembe sikioni, macho ameyafumba. Gari la mwenyekiti likipita upande wa karibu, muuguzi anasubiri. Likienda upande wa mbali, anasikiliza. Anahesabu mapigo mawili matatu, gari limerudi. Hivyo hivyo, mzunguko baada ya mzunguko, anaiba moyo wa mtoto kidogo kidogo.

Nawaambia sasa hivi ili msikae na wasiwasi: mtoto alizaliwa mzima. Mungu ni mwema. Lakini wema wa Mungu haukumsafisha mtu yeyote pale uwanjani.

Kazi ilipoisha, Anaeli alimpa muuguzi karatasi. Muuguzi akauliza hii ya pili, mia moja na moja, ni ya nani. Akajibiwa, ni ya mdogo wangu. Jumatatu meneja wa shamba alifunga geti kwa mnyororo.

Mwenyekiti? Alipata uwanja mji mwingine. Watu wa namna ile hawakosi uwanja. Wale kumi na wawili ndio waliokosa, na wakamjia Anaeli gerejini kwa hasira, wakimwambia amewafungia geti na kuwaulia furaha yao. Alikuwa amelala chini ya lori. Hakutoka. Akawajibu akiwa huko huko chini, "Mimi niliandika namba. Ninyi mlisukuma gari." Hawakurudi tena kumpa kazi, na alichomelea mabomba ya malori na matrekta, akaishi.

Elifuraha alikaa wiki mbili bila kusema naye. Wiki ya tatu akaja na sailensa mkononi, wakabadilisha ile pamba pamoja. Kisha wakaenda kwa meneja, naye akamuuliza muuguzi, na muuguzi akasema hao wawili wafunguliwe. Basi Jumamosi moja kila mwezi, kijana yule anakimbia peke yake kwenye uwanja ule, tisini na nane, dada yake ameshika saa. Hashindani na mtu. Na nje ya uzio wanasimama watu kadhaa wakitazama, mikono mifukoni.

Sasa. Najua mnasubiri nini. Mnasubiri niwaulize kama ninyi ni mwenyekiti au ni Anaeli, na kila mmoja ameshajichagulia Anaeli, nawaona nyusoni. Sikuja kuuliza hilo. Hatuna ujasiri wa Anaeli, na kusema kweli hatuna hata ukubwa wa mwenyekiti.

Sisi ndio wale kumi na wawili.

Magari yao yalipita. Hakuna aliyezidi hata moja. Wangeweza kusimama kanisani wakashuhudia kwamba wameishika sheria tangu asubuhi. Gari lilipita, mwenye gari akaanguka! Na sisi je? Hatuibi. Hatulewi. Hatupigi wake zetu. Tumepimwa, tuko tisini na nne, tunajipongeza. Na mwenye nguvu akipita juu ya mnyonge, tunainama kuangalia matairi. Tumeuita woga wetu amani, na unyamavu wetu tumeuita unyenyekevu, mpaka tumefika mahali mtu akisimama kusema kweli, sisi watu wa Mungu ndio tunaomshika begani kwa heshima na kumsogeza pembeni. Mimi pia. Nimewahi kumsogeza mtu, na yumo humu ndani, na namwomba radhi mbele yenu.

Mungu hakutuita tuwe watu wasio na sauti. Kwa mtoto asiyeweza kujisemea, pigeni kelele! Kwa mjane, kwa mgonjwa, msijipime. Acheni kunguru waruke.

Mnajua kwamba njia ya kwenda chemchemi imezungushiwa uzio tangu mwezi uliopita. Mnajua ni nani aliyeuweka, na kwamba akina mama wa bondeni sasa wanazunguka mlima na ndoo vichwani. Mnajua, kwa sababu mmeninong'oneza wote, mmoja mmoja, mlangoni pangu. Jumatano saa nne asubuhi kuna kikao cha kijiji. Yeye atakuwepo, amekaa mbele.

Mimi nitasimama na kulitaja jina lake. Na nikishasimama sitageuka nyuma kuhesabu nani yupo. Nitasikiliza tu. Nataka nisikie viti vikisogea.