Kipara cha Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama mmeshinda njaa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na benki yao. Si ya noti, ya mbegu. Ukivuna, unaweka. Mvua ikikaribia, unachukua ukapande. Meneja alikuwa Ngedere. Dirishani alikaa Kanga, kichwa kimejaa manyoya laini, ungependa ukishike.

Siku moja paa likavuja. Ti, ti, ti. Mbegu zikalowa, zikaota ukungu.

"Meneja, mbegu zinaoza," Kanga akasema. "Tuwaambie wenyewe."

"Wakijua watazitoa zote. Wewe tabasamu tu. Sema ni kavu."

Akaja Bi Kuchakuro, mama wa watoto wanne. "Mwanangu, mbegu zangu ziko salama?"

"Kavu kabisa, mama."

Nyofu! Unyoya wa kichwani ukadondoka.

Akaja Nguruwe. "Kavu kabisa." Nyofu! Akaja Nungunungu. Nyofu! Chakula hakipiti. Usingizi hauji. Kichwa kikabaki kama yai. Ngedere alipokiona alisema, "Jifunge kilemba." Meneja huyo!

Kwale, mpimaji wa mbegu, akamfunika kwa ubawa. "Dada, unaumwa wapi?"

"Mdomo."

Kwale akachungulia kama meneja yuko karibu. Kisha akasema, "Mimi ndiye ninayezigeuza, ukungu usionekane. Na mimi silali."

Wakalia. Kidogo tu, kazi ilikuwa inangoja.

Kesho yake Bi Kuchakuro akarudi. "Mwanangu, wiki hii napanda. Ni kavu bado?"

Kanga akamtazama Kwale. Kwale akasogea, bega kwa bega.

"Zimelowa, mama. Nilikudanganya. Zianike leo, zipo zitakazopona."

"Toka! Huna kazi!" Ngedere akafoka.

"Basi nitoe na mimi," akasema Kwale.

"Na sisi!" wakasema wabebaji na wafagiaji.

Ngedere akatazama ghala. Nani atapima? Nani atabeba? Yeye hata ufagio hajui unashikwa upande gani. Akapanda juu kuziba paa, mkia unaning'inia.

Bi Kuchakuro alipata nusu ya mbegu zake. Alinuna, akaondoka bila kuaga. Haki yake. Siku ya tatu akaja na bakuli la uji. "Kula, umekonda vibaya."

Kanga akala. Akalala fofofo. Manyoya ya kichwani hayakuota tena, lakini tangu hapo kanga hatembei peke yake.

Basi sikieni, hata nyinyi wenye vyeo: mfanyakazi akilazimishwa kudanganya, anaugua. Akisema kweli, msimwache asimame peke yake.

Hadithi yangu imefika kwao. Nani ananiletea maji?