Jino Lililosafishwa kwa Mate

Wapendwa, fungeni vitabu vyenu kidogo mnisikilize. Neno tulilosoma tutalirudia. Kwanza nataka niwapeleke mbali, mpaka Tibet, nchi iliyo juu sana, hata mgeni akiinama kufunga kiatu huinuka akihema.

Huko kulikuwa na mkuu mmoja wa ukoo, mfugaji wa yaki, wale ng'ombe wa baridi wenye manyoya marefu karibu yaguse ardhi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkarimu wa chai, hiyo chai yao ya siagi na chumvi, na kijijini kwake mgonjwa hakulala bila mtu wa kumjulia hali. Ila alikuwa na ugonjwa wake mmoja: "Sisi ndio wenye mlima huu." Akiamka, ni hilo. Akilala, ni hilo. Juu ya malisho yao palikuwa na kaburi la kale la mawe, na wengine walipoona humo mababu wamelala, yeye aliona hatimiliki.

Mwaka huo akapanda mama mmoja mjane kutoka mabonde ya chini, ana watoto wadogo na yaki wachache waliokonda. Ukame ulikuwa umemmaliza. Akaomba kipande cha malisho apitishe majira ya baridi.

Mkuu akamwambia, "Mama, hapa ni pa waliozaliwa na kaburi lile. Wewe umezaliwa na nini?"

"Baba, mimi nimezaliwa na mama, kama wewe," mjane akajibu. "Theluji ikinikuta njiani na watoto hawa, hatufiki."

Watu wakaguna, maana walimwonea huruma. Mkuu akaona haya kumfukuza mbele yao, akasema basi, akae kwanza, mpaka ukweli ujulikane.

Ukweli ujulikane vipi? Ni kwamba siku zilezile walikuwa wamefika watafiti, wale wanaochukua meno na mifupa ya watu wa zamani makaburini, wakapima vinasaba, hiyo DNA mnayoisikia, ili wajue watu wa Tibet asili yao ni wapi. Mkubwa wao alikuwa binti mmoja mwenye adabu zake, na alikuwa ameomba ruhusa kwa magoti. Mkuu akamkubalia kwa furaha. Si kwamba alitaka kujua, wapendwa. Alitaka kuthibitishiwa. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Sasa, mila yao haikumruhusu mgeni kutia mkono kaburini. Ikabidi aingie mkuu mwenyewe, kwa kutambaa. Binti akampa glavu na vifuko safi, akamsihi sana asiguse kitu kwa mkono mtupu. Humo ndani walilala wawili, mwanamume na mwanamke. Yule bibi hakumshughulisha. Alimwona ni mke tu. Akang'oa kifupa cha nyuma ya sikio pamoja na udongo wake, akakitupa kifukoni, yakaisha.

Lakini alipomgeukia babu, moyo ukamjaa. Hivi jino la babu yako utalitoa mbele ya wageni likiwa na vumbi? Kwao kitu cha mzee hakitolewi kichafu. Akavua glavu, akalitia lile jino kinywani, akalisafisha kwa ulimi taratibu, machozi yakimlengalenga. Msicheke. Yale yalikuwa mapenzi ya kweli. Akatoka nje akiwa na amani, akatema mate kwenye kichupa ili naye alinganishwe na wazee wake.

Miezi ikapita. Baridi ilipoanza kuuma, simu ikaja. Binti alisema, "Mzee, lile jino limefanana na wewe kabisa. Kesho napanda nikueleze vizuri." Mkuu hakungoja kuelezwa. Jioni ileile aliwakusanya watu, akasimama kifua mbele. "Babu na mimi ni kitu kimoja! Hakuna hata tone la damu ya mtu wa mabonde ya chini!" Kisha akamgeukia mjane: "Mama, umesikia. Kesho ufunge mizigo."

Mama hakubishana. Angebishana na mfupa?

Asubuhi binti mtafiti akafika, akamkuta mama anafunga mizigo na watoto wamekwisha pandishwa juu ya yaki, wamezungushiwa mablanketi.

"Anakwenda wapi huyu, na kule nyuma theluji inafunga njia?"

"Anarudi kwao," mkuu akasema. "Si wewe mwenyewe uliyesema jino limefanana na mimi?"

"Mzee wangu, limefanana mno. Hata mwanao wa kumzaa hafanani na wewe kiasi hicho. Na vinasaba vya mtu wa kale huwa vimekatikakatika. Hivi ni vizima, ni vya leo." Akasita, kisha akauliza kwa heshima, "Nisamehe, mzee. Ulilitia mdomoni?"

Mkuu akatazama chini. "Lilikuwa na vumbi," akasema.

"Basi babu hatukumpata. Tuliyempima ni wewe."

Bibi mmoja wa pale kijijini akauliza, "Na yule mwanamke wa kaburini je?"

"Yeye tumempata vizuri, kwa sababu hakuna aliyemgusa kwa mkono mtupu. Kwa upande mmoja ni mzao wa watu waliokuwa huku juu tangu zamani sana. Kwa upande mwingine ni mzao wa watu wa mabonde ya chini. Na mate yako, mzee, yana pande hizohizo mbili."

Mkuu alisimama pale kwa aibu kubwa. Mama alikuwa bado anahangaika na kamba, vidole vimekufa ganzi. Ndipo ikamwingia mkuu kwamba zamani za kale kuna mtu alipanda mlima ule amechoka, na kuna mwenyeji aliyemwambia, kaa. Angemwambia shuka, yeye mkuu asingezaliwa. Akamwendea mama, akaifungua kamba kwa mikono yake. "Shusha watoto," akasema. "Chai iko motoni."

Sasa sisi. Ni mara ngapi tunasema, "Wazee wetu walisema," kumbe tumesema sisi? Ni mara ngapi hata Neno hili tunalisoma huku tumekwisha kulilamba, halafu tunashangaa jinsi linavyofanana nasi? Midomoni tunajua sana kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akija kweli, tunamuuliza amezaliwa na nini.

Wiki hii ile familia iliyohamia kwetu kutoka mbali, wale wanaokaa karibu na mashine ya kusaga, wamefiwa na mtoto. Wameomba sehemu ya kumzika katika makaburi yetu. Tumewajibu nini? Kwamba makaburi ni ya wenyeji, kwamba ndivyo wazee walivyoagiza. Wazee gani? Nimepita nyumba kwa nyumba kumtafuta aliyelisikia agizo hilo kwa masikio yake. Sijampata.

Mtoto bado yuko mochwari. Kile kikao cha mchana huu cha kujadili kama anastahili, nimekifuta. Majembe yako nyuma ya kanisa. Tusimame tuombe, halafu twende tukachimbe.