Mto wa Kumrudisha Mzee Jeta

Paukwa!
Pakawa!
Mlio mbali, sogeeni. Mlio karibu, tulieni, watoto wasilie.

Zamani sana palikuwa na kijiji kando ya mto, na mto ule ulishuka mpaka baharini. Kijijini hapo aliishi Mhindi mmoja, jina lake Jethalal. Jina hilo liliwashinda watu, wakamwita Mzee Jeta. Kazi yake ilikuwa kuziba sufuria zilizotoboka. Asubuhi ko! ko! ko! Jioni ko! ko! ko!

Hakuja kwa kupenda. Nchi ya kwao ilitawaliwa na wageni. Jeta, akiwa kijana, alikwenda kijiji hadi kijiji akiwaambia watu, "Nchi hii ni yetu. Tusiwafanyie kazi." Wageni wakamfunga. Akatoka, akasema tena. Wakamfunga tena. Mwisho wakampakia melini, wakamwambia, "Nenda. Maadamu u hai, hutakanyaga tena nchi yako."

Basi akafika huku. Na huku akawakuta wageni walewale, wamekwisha kutawala.

Kila kiangazi askari walikuja kuchukua watu wa kuwabebea mizigo. Firimbi ililia, priii! Wanaume wakatoka wakiwa wameinamisha vichwa. Wengine hawakurudi. Mume wa Nyamvula, jirani yake Jeta, hakurudi.

Jeta akaacha nyundo yake, akamwendea Ngala, mkuu wa kijiji.

"Wakija safari hii, kaeni chini."

"Tukae tu?"

"Mkae tu. Mtu aliyekaa hachukui mzigo."

"Watatupiga, mzee."

"Watawapiga. Kwani mkisimama hawawapigi?"

Askari wakaja. Priii! Jeta akakaa mbele, pu! Ngala akakaa, pu! Nyamvula akakaa, pu! Pu, pu, pu, kijiji kizima kikakaa.

"Simameni!"

"Tumekaa, Bwana."

"Nimesema simameni!"

"Tumekusikia, Bwana. Tumekaa."

Viboko vikalia, cha! cha! cha! Jeta alipigwa kuliko wote, kwa kuwa alikuwa mbele. Askari mmoja akachoka, akashika kiuno. Bibi mmoja akamwambia, "Pole, mwanangu. Njoo nawe ukae, hapa pana nafasi." Watu wakacheka huku machozi yanawatoka.

Siku ile askari waliondoka na mizigo vichwani mwao wenyewe. Vijiji vingine vikasikia, navyo vikakaa. Firimbi ikalia, ikalia, mpaka ikakoma.

Jeta akazeeka. Masika moja akaugua, hawezi kuinuka. Akawaita Nyamvula na Ngala.

"Nikifa msinizike. Kwetu maiti huchomwa. Nichomeni, majivu yangu myatie mtoni, yaende baharini, yaende kwetu. Wamenikataza kurudi nikiwa hai. Nikiwa majivu, watanikatazaje?" Akacheka, akakohoa.

"Usiseme hivyo, mzee wangu," akasema Nyamvula.

"Niahidini."

Wakamwahidi wote wawili. Jeta akafumba macho, na kabla jua halijatua akafa.

Mto ulikuwa umejaa, vuuu! vuuu! Kuni kavu zilikuwa darini, zikashushwa, zikapangwa. Ngala akashika kijinga cha moto. Akasita.

"Nyamvula, sisi tunachoma takataka. Mtu aliyepigwa kwa ajili yetu, tumchome naye?"

"Alisema mwenyewe, Ngala."

"Alisema. Na vijiji vingine vitatuonaje? Watasema tumemtupa."

Nyamvula akamtazama marehemu usoni. La kujibu alikuwa nalo. Akalimeza.

"Basi tumfanyie heshima," akasema.

Wakamchimbia kaburi zuri, wakamvika sanda mpya. Watu walitoka kila upande kuja kulia. Waliporudi makwao wakasema, "Mzee Jeta amezikwa vizuri."

Miaka ikapita, wageni wakaondoka na bendera yao. Kiangazi kimoja akaja bibi kizee amejitanda sari nyeupe.

"Naitwa Manibai," akasema. "Namtafuta kaka yangu Jethalal, aliyefia huku. Mimi ndiye kitinda mimba wetu."

Kijiji kikapiga vigelegele. Wakamshika mkono mpaka kaburini. "Tazama, mama! Kila mwaka tunalipaka chokaa."

Manibai akalitazama kaburi. Vigelegele vikapungua, vikaisha.

"Hakusema achomwe?"

Nyamvula, naye sasa mzee, akasogea. "Alisema."

"Hamkumwahidi?"

"Tulimwahidi."

"Sasa mbona hivi?"

"Tulimpenda, dada yangu."

"Naona. Mlimpenda sana," akasema Manibai. "Wageni walimfunga kule kwetu. Nanyi mkamfunga hapa."

Ngala akaketi chini, akafunika uso kwa kofia yake.

Wakafukua. Wakaikusanya mifupa, wakaichoma kama alivyotaka mwenyewe. Manibai akayabeba majivu mpaka mtoni, akayamimina.

Lakini kilikuwa kiangazi. Mto ulikuwa vidimbwi tu, hapa maji, pale mchanga. Majivu yakaelea juu ya kidimbwi. Hayakwenda mbele, hayakurudi nyuma.

"Mto huu huwa unakwenda?" akauliza Manibai.

"Wakati wa masika unakwenda, mama. Unakwenda kwa nguvu."

"Na kaka yangu alikufa lini?"

Nyamvula akainama.

"Masika," akasema.

Manibai akakung'uta majivu mikononi. Meli yake ilikuwa inangoja, akaenda zake. Nyamvula akabaki ukingoni. Kila siku alikwenda kufukuza mbuzi wasinywe pale. Shuu! Tokeni! Shuu! Majivu mengine upepo ukayachukua. Mengine yakazama topeni.

Mvua zikanyesha. Maji yakashuka, vuuu! Nyamvula akayatazama mpaka macho yakamuuma. Hakujua kama Jeta alikuwa anapita mbele yake, au alibaki chini pale, kwenye tope la ugenini.

Wenzangu, mtu akikuachia neno lake la mwisho, mfanyie alilotaka yeye. Usimfanyie linalokupendeza wewe, ukaliita upendo.

Hadithi yangu naitua hapa. Kama Mzee Jeta alifika kwao, mimi sijui.