Jiwe la Chungu cha Nge

Inasimuliwa kwamba alasiri ya Jumatano, tarehe nane Shaabani, katika mji mmoja wa ukingoni mwa jangwa, tabibu mcha Mungu aitwaye Harith aliumwa na nge, na kabla jua halijazama akafariki. Nge huyo alikuwa wake mwenyewe. Alimfuga chunguni apate sumu ya kutia katika mafuta ya kuchulia wagonjwa wa viungo. Kifuniko kilikuwa cha ukindu, hewa ipite, na juu yake jiwe bapa. Harith alizoea kumwambia mkewe, Rayhana, "Mgeni wetu hana makuu. Hataki wali wala mchuzi. Nzige mmoja tu, na jiwe lake."

Majirani walimkuta nge chini ya kitanda, wakamuua. Kifuniko kilikuwa kimepeperushwa na upepo. Jiwe halikuonekana.

Siku ya tatu ya msiba, mama yake Harith, Bibi Umayma, alimwita Sawda, mtumishi wa miaka mingi asiye na jamaa.

"Wewe ndiye unayefagia penye chungu cha nge. Kesho msafara unaondoka, nawe uondoke nao."

"Niende kwa nani, Bibi? Chungu kile nilikuwa nakizunguka kama kaburi."

"Basi jiwe lilijiondokea lenyewe."

Rayhana alikuwa ameketi kwenye msala wake, amechoka hata kulia hawezi. Alijua kwamba akisema, huenda asitazamwe tena katika nyumba ile. Akainua pindo la msala, akalitoa jiwe.

"Ni mimi, mama. Maji yalikwisha, na wakati wa Adhuhuri ulikuwa unapita. Nikalichukua nitayamamu, nijitwaharishe kwa vumbi lake badala ya maji. Nilikuwa sijalala siku mbili kwa kuuguza wagonjwa. Nilipotoa salamu, usingizi ukanichukua hapa hapa. Nikaamshwa na sauti ya Harith."

Bibi Umayma akalipokea jiwe.

"Yeye alijua?"

"Alijua. Nilimkimbilia nalo mkononi. Akalitazama, akaniuliza, 'Uliwahi kuswali?' Nikamwambia niliwahi. Akasema, 'Alhamdulillahi.' Hakusema jingine juu ya jiwe."

Mama yule akalia. Kisha akasema, "Sawda, nisamehe. Tupikie uji, tunywe sote. Huyu hajala tangu Jumatano."

Ndugu zangu, ukweli haukumrudisha Harith. Rayhana aliubeba mzigo wake mpaka mwisho wa umri, ila hakumtwika mwingine. Nasi tuliozika, kila mmoja ana jambo alilolisahau saa ile.

Ewe Mola, mrehemu Harith, uwarehemu waliotutangulia hali wametusamehe, na wale walioondoka kabla hatujawaomba msamaha. Amin.